Mashabiki wa Star Trek hatuyaogopi mabadiliko

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niijibu makala ya burudani iliyotoka katika gazeti lako wiki iliyopita, ambayo mwandishi wake alidai kwamba mashabiki wa Star Trek, ule ukoo wa tamthilia za Kimarekani za safari za anga, walioikosoa tamthilia yake ya Discovery ni watu waliochakaa kimawazo, wanaotaka kuonyeshwa kila mwaka kile kile walichokipenda utotoni. Mimi ni mmoja wa hao waliokosoa. Nimeitazama Discovery yote, vipindi 65 vya misimu mitano, tangu ilipoanza Septemba 2017 hadi ilipofungwa Mei 2024, na sikuitazama kwa nia ya kuitafutia kasoro, maana mtu hakeshi miaka saba kwa ajili ya kitu asichokipenda. Kwa hiyo naamini nina haki ya kueleza nilichokikosa, nacho si kile alichokitaja mwandishi wako.

Nianze kwa kumkubalia pale alipo na haki. Wapo walioichukia Discovery kwa sababu tu mhusika mkuu, Michael Burnham, ni mwanamke mweusi, akiigizwa na Sonequa Martin-Green, na wapo waliokerwa kuona wanaume wawili wanandoa wakifanya kazi katika chombo kimoja. Hao hawana hoja, na nashindwa kuelewa walikuwa wakitazama nini miaka yote. Huu ndio ukoo wa tamthilia uliomketisha Nichelle Nichols katika chumba cha uongozaji wa chombo mwaka 1966, ukampa cheo cha afisa, na ukamwita Uhura, jina lililochongwa kutokana na neno letu la uhuru. Ndio uliomkabidhi Avery Brooks kituo kizima cha anga mwaka 1993 na kumpa Kate Mulgrew unahodha mwaka 1995. Ni kweli vilevile kwamba karibu kila tamthilia mpya ya ukoo huu ilipokelewa kwa manung'uniko. Ile iliyoanza mwaka 1987 ilipotangazwa, wapo walioapa kwamba hakuna chombo cha Enterprise bila Nahodha Kirk na afisa wake Spock, na leo ndiyo inayotumiwa kuzipimia nyingine zote. Hata hivyo, walalamikaji wa jana kukosea hakuthibitishi kwamba wa leo nao wamekosea.

Lalamiko langu ni kwamba katika miaka saba ile hatukupewa nafasi ya kuwajua watu waliokuwamo ndani ya chombo.

Namchukua Airiam kuwa shahidi wangu. Alikuwa afisa mwenye uso wa mashine, aliyekaa katika chumba cha uongozaji tangu msimu wa kwanza, nasi watazamaji tulibaki tukiulizana kama ni roboti au ni kiumbe wa sayari fulani, kwani hakuna aliyejishughulisha kutuambia. Msimu wa pili, mwaka 2019, kikaja kipindi kimoja ambamo tulielezwa kwa mara ya kwanza kwamba Airiam alikuwa binadamu, kwamba alinusurika katika ajali ya chombo iliyomuua mume aliyekuwa ndiyo kwanza ameolewa naye, kwamba mwili wake ulijengwa upya kwa mitambo, na kwamba kwa kuwa kumbukumbu zake zilihifadhiwa kama data za kompyuta, alilazimika kila mara kuketi na kuchagua zipi azibakize na zipi azifute. Wazo hilo ni zuri ajabu, na mwandishi mwenye subira angelilea kwa misimu mitatu. Kabla kipindi hicho hicho hakijamalizika, Airiam alikuwa ameshatupwa angani na amekufa. Kipindi kilichofuata kilifunguliwa kwa mazishi yake, wenzake wakasimama mmoja baada ya mwingine kueleza kwa machozi jinsi alivyokuwa rafiki yao, nami nikawa kama mpita njia aliyeingia matangani kwa watu asiowafahamu: nilinyamaza kwa heshima, lakini uchungu sikuwa nao.

Wapo watakaosema kwamba tamthilia za siku hizi ni fupi, kwamba zile za zamani zilikuwa na vipindi 26 kwa msimu na hivyo zilikuwa na muda wa kupoteza, ilhali Discovery ilianza na vipindi 15 na kuishia na 10. Ufupi ungekuwa udhuru kama muda uliokuwapo ungetumiwa vizuri. Ulitumiwa kuuokoa ulimwengu. Msimu wa kwanza tulikuwa na vita dhidi ya Klingon, jamii ya wapiganaji kutoka sayari nyingine, na safari ya kwenda katika ulimwengu wa pili unaofanana na wetu kwa sura lakini si kwa utu. Wa pili, programu ya kompyuta iliyotaka kuangamiza kila chenye akili katika galaksi. Wa nne, dude la angani lisiloonekana lililoimeza sayari ya Kwejian na kuzitishia nyingine zote. Mambo yakiwa hivyo kila mwaka, mtazamaji huzoea, na kwa kuwa anajua galaksi haitaangamia kwa sababu msimu ujao umekwisha kutangazwa, kitu pekee kinachoweza kumshika ni hatima ya mtu mmoja mmoja, na hao ndio hatukuwajua.

Msimu wa tatu unastahili aya yake, kwa kuwa ndio uliotupa matumaini makubwa kuliko yote. Chombo kiliruka zaidi ya miaka 900 kwenda mbele, na kikakuta Shirikisho la sayari limebaki magofu kwa sababu, zaidi ya karne moja kabla, dilithium yote, yaani yale madini yanayoviwezesha vyombo kusafiri kwa kasi kupita mwanga, ilipoteza nguvu kwa dakika moja, na kila chombo ambacho injini yake ilikuwa ikifanya kazi kililipuka. Kwa wiki nyingi mashabiki tulikisia chanzo: hujuma, vita, au pengine gharama ya kutumia madini yale kupita kiasi, jambo ambalo lingekuwa na maana kwa walimwengu wa leo. Mwishowe tukaambiwa kwamba alikuwa mtoto mmoja, Su'Kal, aliyekulia katika sayari ya dilithium, na kwamba siku mama yake alipofariki alipiga ukelele uliotikisa madini ya galaksi nzima. Sipingi huzuni ya mtoto. Ninachosema ni kwamba fumbo lililojengwa kwa vipindi 13 likafumbuliwa kwa jibu ambalo hakuna mtazamaji, hata angekuwa makini kiasi gani, ambaye angeweza kulifikia kwa kufikiri, linamnyima raha ile ile iliyomleta katika hadithi za kisayansi.

(Nikiwa hapo hapo, nisisahau lile agizo la mwisho wa msimu wa pili, ambapo maofisa waliapishwa wasimtaje tena Burnham, wala chombo chake, wala injini yake ya kusafiri kupitia mtandao wa kuvu, ili kueleza kwa nini Spock hakuwahi kumtaja Burnham, dada yake wa kulelewa pamoja, katika tamthilia zote zilizotangulia. Nilicheka, lakini sidhani kama waandishi walikusudia nicheke.)

Ili nisionekane nasifu ya kale kwa ukale wake, natoa mfano mmoja tu. Mwaka 1989, katika tamthilia ile iliyoanza mwaka 1987, kilionyeshwa kipindi cha kesi ya kuamua kama Data, afisa aliyeundwa na binadamu, ni mtu mwenye haki zake au ni mali ya jeshi inayoweza kufunguliwa na kuchunguzwa. Hakuna sayari iliyolipuka. Kipindi kilianza na maofisa wakicheza karata, Data akijifunza kwamba kuzijua kanuni za mchezo hakumsaidii mtu asiyejua kudanganya, na mezani pale alikuwapo rafiki yake Riker. Baadaye sheria ikamlazimisha Riker huyo huyo kuwa mwendesha mashtaka, athibitishe mbele ya hakimu kwamba rafiki yake ni kitu, na akathibitisha kwa ustadi, mpaka akafikia kumzima Data kwa kubonyeza swichi. Uchungu wa kitendo kile umetoka wapi, kama si katika mchezo wa karata tulioutazama dakika chache kabla? Discovery ingeuondoa mchezo ule ili ipate nafasi ya mlipuko.

Na si kwamba hawakuweza. Mwisho wa msimu wa nne ulinirudishia imani, kwa sababu viumbe waliotengeneza lile dude la angani hawakushindwa kwa silaha. Wanasayansi walikaa kutafuta namna ya kuzungumza nao, wakagundua kwamba wanatumia harufu na taa, na wakaijenga lugha ya pamoja hatua kwa hatua. Palinikumbusha kipindi cha mwaka 1991 ambamo Nahodha Picard, wa tamthilia ile ile ya Data, anakutana na watu ambao kila neno lao anatafsiriwa na bado haelewi kitu, kwa kuwa wao husema kwa kurejelea visa vya kale tu, kama "Shaka, kuta zilipoanguka", wakimaanisha kushindwa. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapo. Mgeni anaweza kuyajua maneno yote matatu ya "sizitaki mbichi hizi", lakini bila kumjua sungura na ndizi zake hatajua kwa nini watu wamecheka. Vipindi kama hivyo vilitukalisha na kutufikirisha, na Discovery ilipofanya hivyo tuliipigia makofi, jambo ambalo mwandishi wako hakuligusa.

Kuhusu sisi tulio nje ya Marekani, nitasema kwa ufupi kwa sababu kosa hili si la waandishi wa hadithi. Novemba 2021, siku mbili kabla ya msimu wa nne kuanza, kampuni inayoimiliki iliiondoa Discovery katika Netflix, na watazamaji katika nchi nyingi tukaamka bila msimu mpya na bila ile ya zamani. Baadaye zilitafutwa njia nyingine za kuufikisha, lakini mtu akishafungiwa mlango hivyo, uvumilivu wake kwa kasoro nyingine hupungua. Nafahamu vilevile kwamba uongozi wa tamthilia ulibadilika mara kwa mara. Bryan Fuller, mmoja wa waanzilishi wake, aliondoka mwaka 2016 kabla haijaonyeshwa, na waliomrithi nao wakaondoka mwaka 2018. Huenda ndiyo maana kila msimu ulikuwa kama tamthilia nyingine.

Ushahidi wangu wa mwisho unatoka kwa watayarishaji wenyewe. Mwaka 2022 walitoa Strange New Worlds, iliyozaliwa kutokana na msimu wa pili wa Discovery, ikiwa na vipindi 10 tu kwa msimu. Katika kipindi chake cha pili, Nahodha Pike anawapikia maofisa wake, wanaketi mezani, na mwanafunzi mgeni anaulizwa jinsi alivyofika pale. Mwanafunzi huyo ni Uhura, akiigizwa na Celia Rose Gooding, naye anasimulia jinsi wazazi wake na kaka yake walivyofariki katika ajali, na kwamba hana hakika kama anaitaka kazi hii. Dakika chache tu, nasi tukamjua. Uhura wa kwanza naye hakupewa mengi. Jina lake la Nyota halikutamkwa katika skrini hadi filamu ya mwaka 2009. Lakini mwaka 1966 alipewa wimbo wa kuimba kwa utani katika ukumbi wa mapumziko huku Spock akimpigia kinubi, na mwaka 1967, kumbukumbu zake zilipofutwa na akaanza kufundishwa kusoma upya, alipochoka alisema Kiswahili. Mambo madogo kama hayo ndiyo yaliyotufanya tujali alipokuwa hatarini. Ikiwa vipindi 10 vilitosha kwa Pike na meza yake, basi 65 vilitosha kwa Burnham.

Discovery ilifungwa kabla ya waandishi kujiandaa. Habari kwamba msimu wa tano ungekuwa wa mwisho zilitangazwa Machi 2023, baada ya kurekodiwa, ikabidi warudi kuongeza maonyesho machache. Katika maonyesho hayo Burnham, ambaye sasa ni mzee mwenye cheo cha admirali, anarudi katika kiti chake cha nahodha kabla ya kukipeleka chombo mbali na kukiacha peke yake, na kumbukumbu zake zinamletea wenzake wa zamani, wamejaa katika chumba cha uongozaji, wakicheka na kukumbatiana. Muziki ulikuwa mzuri. Nilisimamisha picha nikaanza kuwahesabu waliokuwamo, nikitafuta kwa kila mmoja jambo moja ninalolijua juu yake lisilohusu kazi yake, na nilipopita Burnham, Saru, Tilly, na wale wanandoa wawili, niliishiwa.

Wako,
Mtazamaji wa siku nyingi