Shukrani kwa fundi uliyeirudisha kompyuta siku tatu nyuma

Fundi, jina hukuacha, basi shukrani tunakupa hadharani. Skrini ya bluu ya hitilafu ilikuwa ikijirudia kila Windows inapowaka, na wengi wangekimbilia kufuta diski na kupiga Windows upya. Wewe ulishuku draiva ya skrini (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) iliyoingia na sasisho, na ndiyo ilikuwa. Ukaamua kuurudisha mfumo kwenye tarehe ya nyuma kwa System Restore, zana ya Windows yenyewe.

Kwanza uliuliza chaja iko wapi, maana umeme ukikatika katikati ya urejeshaji mfumo unaweza kubaki nusu. Pili, ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (kufuli la Windows la diski), tarakimu 48, uwe mkononi. Ndipo ukazima mashine kwa nguvu mara tatu ikiwa inawaka, hadi ukurasa wa ukarabati ukafunguka wenyewe. (Kama Windows inawaka vizuri, usihangaike hivyo: kitufe cha Windows na R, andika rstrui, bonyeza Enter, na System Restore itafunguka.)

Humo ukafungua System Restore, ukachagua tarehe ya kabla ya sasisho, lakini hukukubali mpaka ulipoona orodha ya programu zitakazoondoka. Hapo watu hupita mbio, kisha hulalamika printa haichapi. Picha na hati haziguswi. Kinachorudi nyuma ni draiva, programu na mipangilio.

Ukaongeza pia nafasi ya ulinzi wa mfumo (panapohifadhiwa tarehe hizo za kurudi nyuma) kwenye diski C kutoka asilimia 2 hadi 5, kwa kuwa nafasi ikijaa, tarehe za zamani ndizo hufutwa kwanza. Na masasisho ukayasitisha wiki moja, draiva ileile isije ikajirudisha usiku. Ahsante sana.