Barua ya Malalamiko: Bunda la Senti za 1955 Lililouzwa kama Bunda Halisi la Benki

Lowell, Massachusetts

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: MALALAMIKO NA MADAI YA KUREJESHEWA DOLA 420 NILIZOLIPIA BUNDA LA SENTI ZA 1955

Ndugu Meneja,

Ninawaandikia kulalamika rasmi kuhusu bunda la sarafu hamsini za senti moja, zilizopangwa pamoja na kuzungushiwa karatasi, nililonunua katika duka lenu, ambalo tangazo lenu na stakabadhi mliyonipa vinalieleza kuwa ni bunda halisi la benki, lililofungwa mwaka 1955, na ambalo halijafunguliwa wala kupekuliwa na mtu yeyote tangu siku hiyo. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha mliyoitumia kutangaza biashara yenu kwa sisi Waafrika Mashariki tunaoishi Lowell, na maelezo yote niliyopewa kabla ya kutoa fedha yangu yalikuwa kwa lugha hiyo. Bunda hilo si halisi. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kwa sababu jibu mlilonipa kwa simu, kwamba jambo la aina hii haliwezi kuthibitishwa na mtu yeyote, si la kweli.

Kwanza nieleze nilichokuwa nanunua. Senti za mwaka 1955 zilizopigwa katika kiwanda cha serikali cha sarafu cha Philadelphia, ambazo hazina herufi ya kiwanda chini ya mwaka, ni zaidi ya milioni 330, na mtu akitaka hamsini ambazo hazijatumika atazipata kwa sehemu ndogo tu ya bei niliyowalipa. Tofauti hiyo ya bei ina sababu moja. Mwaka huo Philadelphia ilitumia kalibu, yaani chuma cha kupigia chapa sarafu, iliyokuwa imebeba mchoro maradufu, kwa sababu kalibu hiyo ilipotengenezwa iligandamizwa mara mbili kwa pembe zilizotofautiana kidogo, na senti zilizopigwa nayo zinaonyesha tarehe na maandishi ya upande wa kichwa cha Lincoln yakiwa mawili mawili, wazi kwa jicho tupu. Inakadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 24,000 ya senti hizo ziliingia mitaani, na nyingi zilionekana hapa Massachusetts na kaskazini mwa jimbo la New York. Moja tu ambayo haijatumika huuzwa kwa maelfu ya dola. Mnunuzi anayelipia bunda la 1955 ambalo halijafunguliwa analipia nafasi hiyo, hata kama ni ndogo, na nafasi hiyo inakuwepo tu ikiwa kweli hakuna aliyetangulia kutazama ndani.

Naomba ieleweke kwamba silalamiki kwa sababu sikuipata senti ya mchoro maradufu. Bunda halisi lenye senti hamsini za kawaida lingekuwa limenipa haki yangu yote, na ningelihifadhi kwa furaha. Ninalalamika kwa sababu nafasi niliyoilipia haikuwemo tangu mwanzo.

Ushahidi wa kwanza upo kwenye karatasi yenyewe, na uko wazi kiasi kwamba sielewi ulivyopita mikononi mwa wafanyakazi wenu bila kuonekana. Karatasi iliyozungushiwa bunda imepigwa chapa jina la benki, mji, jimbo, na baada ya jimbo namba ya posta yenye tarakimu tano. Posta ya Marekani ilianza kutumia namba hizo tarehe 1 Julai 1963. Kabla ya siku hiyo anwani za Marekani hazikuandikwa namna hiyo, na hakuna mpiga chapa wa mwaka 1955 aliyeweza kuotea namba ambayo mji wake ungepewa miaka minane baadaye. Karatasi ya zamani inaweza kufungia senti za miaka ya baadaye, kwa sababu benki iliweza kuwa na akiba ya karatasi, lakini karatasi ya baada ya katikati ya 1963 haiwezi kuwa ilifungwa mwaka 1955.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba huenda mfuko wa senti ulikaa benki bila kufunguliwa kwa miaka kadhaa, kisha ukafungwa mabunda baadaye. Jibu hilo linastahili kupimwa, nami nimelipima. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo viwanda vya serikali havikufunga senti za matumizi katika mabunda. Vilizitoa katika mifuko ya dola 50, yaani senti 5,000, na kazi ya kuzihesabu na kuzifunga ilifanywa na benki. Kwa hiyo mfuko kuchelewa kufungwa ni jambo linalowezekana. Lakini hata tukikubali hivyo, maneno "lililofungwa mwaka 1955" yanabaki kuwa ya uongo, na kuna jambo kubwa zaidi ambalo mhudumu hakuligusa. Kufikia 1963 senti ya mchoro maradufu ilikuwa ikijulikana na kutafutwa. Nchi nzima ilikuwa katika homa ya kununua mabunda: watu walikuwa wamekwisha kugombania senti za 1960 zenye tarehe ndogo, na mabunda ya sarafu za senti tano za 1950 za kiwanda cha Denver, ambazo zilipigwa 2,630,030 tu, yalinunuliwa na kuuzwa kwa ajili ya faida hata kabla ya mtu kuyafungua. Bunda la 1955 lililofungwa katika kipindi hicho limefungwa wakati ambao kila mwenye kushika senti za mwaka huo alikuwa na sababu nzuri ya kuzitazama moja moja kwanza. Hiyo ndiyo maana ya tarakimu hizo tano. Zinasogeza tarehe ya kufungwa, na pia zinaliingiza bunda lenu katika kipindi ambacho neno "halijapekuliwa" ndilo gumu zaidi kuaminika.

Ushahidi wa pili ni senti mbili za mwishoni, ile ya juu na ile ya chini. Karatasi ya bunda ikikunjwa na mashine, ukingo wake hujipinda ndani na kuigandamiza senti ya mwisho kwa umbo la pete, na katikati ya senti hubaki wazi. Kwa miaka mingi hewa huifikia sehemu ya katikati, wakati sehemu iliyo chini ya pete huguswa na karatasi yenyewe pamoja na salfa iliyomo. Shaba hubadilika rangi kwa namna tofauti katika sehemu hizo mbili, na ndiyo maana senti ya mwisho ya bunda la kweli, ikitolewa, mara nyingi huonyesha mpaka wa mviringo unaolingana na mkunjo. Upande wake wa ndani, uliokuwa umelala juu ya senti ya pili, kwa kawaida huhifadhi zaidi wekundu wake wa awali.

Senti za mwisho za bunda lenu ni za kahawia iliyokolea sawasawa kutoka katikati hadi ukingoni, bila alama yoyote ya pete. Bunda lilipofunguliwa, kwa namna nitakayoieleza hapa chini, nilizigeuza, na upande wa ndani nao ulikuwa wa kahawia ile ile, ilhali senti zilizogusana nazo zilikuwa nyekundu na zenye kung'aa. Sioni njia ya kulieleza jambo hilo isipokuwa moja: senti hizo zilibadilika rangi mahali pengine, kisha zikachaguliwa na kuwekwa mwishoni ili mnunuzi anayetazama kwa nje aamini kwamba bunda zima ni la kale. Mabunda yaliyohifadhiwa mahali pakavu yanaweza kuwa na ncha zisizobadilika sana, na kama hilo ndilo lingekuwa tatizo nisingeandika barua hii. Ukavu wa chumba hauwezi kuipaka senti kahawia pande zote mbili na kuiacha jirani yake salama.

Mkunjo wa karatasi nao niliutazama kwa kioo cha kukuzia. Mlinieleza kwamba mkunjo wa mashine ni uthibitisho kwamba bunda ni la benki. Mashine za kukunja karatasi za sarafu huuzwa, na mtu binafsi anaweza kuwa nayo mezani kwake, kama ambavyo karatasi za zamani za benki ambazo hazikutumika hupatikana kwa wauzaji. Mkunjo unaonyesha mashine ilitumika. Hauonyeshi ni nani aliyeitumia wala lini. Katika bunda lenu kuna mistari miwili ya mkunjo kila upande, mmoja wa zamani uliolainika na kuchafuka, na mwingine ambao nyuzi za karatasi zimekatika na kubaki nyeupe, kama inavyokuwa karatasi iliyokwisha kukauka inapokunjwa upya. Upana wa mistari hiyo haulingani. Kwa maoni yangu karatasi hiyo imekunjwa mara mbili kwa mashine mbili tofauti. Wataalamu wengine wakiitazama huenda watapendelea kusema "inaelekea", nami sina ugomvi na tahadhari hiyo, kwa sababu madai yangu hayasimami kwa ushahidi huu peke yake.

Uzito haukunisaidia. Senti hamsini mpya za shaba za wakati huo, za gramu 3.11 kila moja, zina gramu 155.5 bila karatasi, na senti iliyochakaa kidogo hupoteza uzito mdogo mno kuonekana katika mizani ya kawaida. Nalitaja hili kwa kuwa mhudumu wenu alinisomea uzito kana kwamba unamaliza shauri.

Baada ya kuona yale yanayoonekana kwa nje ndipo bunda lilipofunguliwa, tena mbele ya mfanyabiashara mwingine wa sarafu asiye na maslahi katika jambo hili, huku kamera ikirekodi kuanzia karatasi ikiwa nzima hadi senti ya mwisho. Ndani yake kulikuwa na senti za 1955 za Philadelphia zilizochanganyika na nyingine zenye herufi D ya Denver. Mfuko wa kiwanda kimoja hautoi senti za viwanda viwili. Nyekundu na kahawia zilifuatana bila mpangilio, kadhaa zilikuwa na alama za vidole zilizokwisha kuiva ndani ya shaba, katikati kabisa ya bunda ambako hakuna kidole kinachofika, na baadhi zimesagika kwenye shavu la Lincoln na kwenye mistari ya masuke ya ngano upande wa pili, jambo linaloonyesha kuwa zimewahi kutumika madukani. Sitatumia hoja ya nyufa za kalibu, kwamba senti za bunda moja zinapaswa kutoka katika kalibu chache, kwa sababu senti za mashine mbalimbali ziliweza kuchanganywa kiwandani kabla ya kutiwa mfukoni, na hoja hiyo huwaonea wauzaji waaminifu. Siihitaji.

Mmenikatalia kurejesha fedha kwa sababu bunda limefunguliwa. Naomba mlitafakari sharti hilo. Mmeuza kitu kwa maelezo ambayo sehemu yake kubwa hupimwa kwa kukifungua, kisha mkaweka sharti kwamba anayekifungua amepoteza haki ya kulalamika. Kwa utaratibu huo hakuna bunda linaloweza kurudishwa, hata likiwa limejaa senti za mwaka jana. Pia mlisema kwamba lilitoka katika familia ya mteja wa zamani wa benki. Sina sababu ya kuitilia shaka familia hiyo, lakini masimulizi ya familia hayawezi kubadilisha mwaka ambao namba za posta zilianza kutumika, na ninyi mlioandika "1955" kwenye stakabadhi ndio mliopaswa kuitazama karatasi kabla ya kuiandika.

Chini ya kifungu cha 2-313 cha sheria ya biashara ya Uniform Commercial Code, ambayo Massachusetts imeipitisha, maelezo ya bidhaa yaliyokuwa msingi wa mapatano ni dhamana ya muuzaji kwamba bidhaa italingana nayo. Vilevile sura ya 93A ya sheria za jimbo hili inakataza matendo ya udanganyifu katika biashara. Naomba barua hii ichukuliwe kuwa notisi ya madai inayotakiwa na kifungu cha 9 cha sura hiyo. Mnazo siku 30 za kunipa pendekezo la maana la kumaliza shauri hili, na mahakama ikiona kwamba mlijua kosa au mlikataa kulirekebisha kwa nia mbaya, sheria inaitaka iongeze fidia iwe si chini ya mara mbili wala zaidi ya mara tatu.

Ninachodai ni kurejeshewa dola 420 zote, nami nitawarudishia senti zote hamsini pamoja na karatasi. Nadai pia kwamba mabunda mengine ya 1955 yenye karatasi ya benki hiyo hiyo, ambayo bado niliyaona kwenye kabati lenu la kioo na kwa maelezo yale yale, yaondolewe sokoni hadi yachunguzwe, na kwamba walioyanunua kabla yangu waarifiwe. Katika duka lenu nilikutana na wazee wa jumuiya yetu wanaowawekea wajukuu akiba kwa kununua mabunda haya, na hawana kioo cha kukuzia wala mtu wa kuwaeleza namba ya posta inamaanisha nini. Walichonacho ni neno lenu. Kwa ajili yao naomba kwamba kuanzia sasa neno "halisi" litumike tu pale mnapoweza kuonyesha karatasi, ncha na historia ya bunda vinavyokubaliana, na pale msipoweza, muandike wazi kwamba ni senti za mwaka fulani zilizofungwa upya, kisha mtoze bei ya senti za aina hiyo.

Nimeambatanisha nakala ya stakabadhi yenye jina na anwani yangu, nakala ya tangazo lenu, picha za karatasi na za senti mbili za mwishoni kwa pande zote, pamoja na rekodi ya kufunguliwa kwa bunda. Senti zenyewe na karatasi nimezihifadhi kama zilivyotoka, na mnaweza kumtuma mtaalamu wenu azitazame nikiwepo, siku yoyote ndani ya muda nilioutaja. Nikikosa jibu la maandishi katika muda huo nitawasilisha malalamiko haya kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Massachusetts na kufungua madai mahakamani.

Wenu katika kusubiri jibu,

Mnunuzi wa bunda la senti za 1955
(jina na saini vimo kwenye stakabadhi iliyoambatanishwa)