Uyoga haukui kama mchicha

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa kilimo umetuambia kuwa uyoga ni "mmea usio na majani", kisha ukatushauri tuutoe nje upate jua la asubuhi na kuuwekea mbolea ya kukuzia. Mimi ninalima uyoga mamama kwenye mifuko hapa Kihonda. Atakayefuata ushauri huo atavuna mifuko mikavu.

Kosa lenyewe ni la siku nyingi. Msweden Carl Linnaeus alipopanga viumbe mwaka 1735, uyoga aliuweka upande wa mimea, na huko ukakaa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Whittaker akapendekeza falme tano, yaani makundi makuu ya viumbe: monera (ndimo waliomo bakteria), protista (viumbe wadogo kama amiba), kuvu, mimea na wanyama. Hamira, ukungu wa mkate na uyoga vyote ni kuvu. Watoto wetu wanafundishwa haya sekondari, sijui mwandishi wenu alikuwa wapi.

Whittaker aliangalia sana namna kiumbe kinavyopata chakula. Mmea hujipikia kwa jua, mnyama humeza, kuvu humwaga vimeng'enya (kemikali za kuyeyusha chakula) nje ya mwili wake kisha hufyonza kilichoyeyuka. Hilo nalishika kwa mkono. Mabua ya mpunga naingiza kwenye mfuko yakiwa magumu. Utando mweupe wa uyoga ukishayala, yanakatika vidoleni kama tambi zilizoiva. Mwanga kidogo unatosha, tena wakati wa kutoa vichwa tu. Hewa ndiyo haina mjadala: banda likifungwa mno, hewa chafu ya uyoga wenyewe hujaa, mashina yakarefuka na vichwa vikabaki vidogo kama vifungo vya shati.

Tangu miaka ya 1990, uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa kuvu wana undugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Kuta za seli zao zina dutu ngumu iitwayo kitini, ileile iliyomo kwenye gamba la kamba na la mende. Kwa undugu huo, fangasi za mwilini, ambazo nazo ni kuvu, ni kazi kutibu: sumu ya kuziua hukaribia kutuumiza na sisi, na dawa za bakteria haziziwezi.

Sokoni uuzwe pamoja na mboga, sina ugomvi. Ila sahihisho litoke ukurasa uleule, kwa herufi zilezile, kabla watu hawajanunua mbolea.

Mkulima wa uyoga,
Kihonda, Morogoro