Mhariri, kipimo cha enzaimu kinachowaka taa tukipe nafasi

Mhariri naomba nafasi kidogo. Mzee wangu alisumbuliwa na tezi dume, akapimwa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, majibu yakaja iko juu, nyumba nzima tukalia, kumbe alipokatwa kipande kidogo cha nyama ya tezi kikapimwa ikaonekana tezi imetanuka tu sio kansa. Wengi hatujui PSA yenyewe ni enzaimu, yani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, na kile kipimo kinahesabu tu ipo nyingi kiasi gani.

Ndo maana nimevutiwa sana na hivi vitambuzi vya nano, yani vidude vidogo mno vya kugundua vitu. Kuna vidoti vya kwantamu, vile vilivyowapa kina Bawendi, Brus na Ekimov tuzo ya Nobel ya kemia 2023, vidogo mno yani nanomita chache, ukivimulika vinatoa rangi kulingana na ukubwa wake. Sasa wataalamu wanakifunga kidoti kwa uzi mfupi wa protini, upande wa pili wanaweka kitu cha kuzima mwanga, halafu enzaimu kama MMP, ambazo saratani nyingi huzitumia kutafuna tishu ili isambae, ikikata ule uzi basi taa inawaka, hapo unaiona enzaimu ikiwa kazini kabisa sio wingi wake tu!

Vidoti vingi vina kadimiamu, metali ambayo ni sumu, ila kwenye tone la damu nje ya mwili hilo sio kubwa, na vipo vya kaboni pia.

COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, tafadhali wapeni hela vijana wetu wa kemia, wakae na madaktari wa saratani wa Ocean Road walifanyie kazi hili.

Msomaji wenu, Tanga