Rimu zisubiri

Mheshimiwa Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu magari ya kale ya wazi niliisoma kwa raha, hadi pale mwandishi aliposhauri kwamba anayefufua gari lililotelekezwa aanze na rimu, kwa kuwa ndizo zinazolipatia gari sura. Mimi nilifanya hivyo hivyo miaka minne iliyopita. Naomba nafasi nieleze kilichonipata.

Gari langu ni MGB la mwaka 1971, gari dogo la michezo la Kiingereza, la kukunja turubai. Nililirithi kwa marehemu kaka yangu likiwa chini ya mti, kuku wanatagia nyuma ya viti. Turubai lilikuwa limeoza, vimebaki vyuma vyake tu kama mbavu. Kabla sijanunua hata kopo la praima, nilinunua rimu nne za waya zenye spoki 72 kila moja, zinang'aa kama sinia la arusi. Nikazipanga sebuleni. Nimefundisha hisabati maisha yangu yote. Ungedhani ningepima kwanza.

Fundi wa kuchomelea alipofika hakuzitazama. Alijilaza chini ya gari, akachoma kwa bisibisi mhimili ulio chini ya mlango, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Ndani mlikuwa na puti tupu na kurasa za gazeti zilizosokotwa (si lenu, niliangalia). Akaniambia, "Mwalimu, gari hili limeshikiliwa na rangi."

Hapo ndipo nilipoelewa. MGB halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Gari lenye paa la bati hupata msaada wa paa hilo, lakini la wazi linategemea sakafu na ile mihimili miwili. Ikiliwa na kutu, gari linaanza kulegea kiunoni, na dalili utaiona kwenye mlango: unagoma kufunga, au nafasi yake ni finyu juu na pana chini. Kabla ya kukata chochote, fundi alichomelea vyuma vya kukingama kwenye uwazi wa kila mlango ili umbo lisipotee. Akamaliza upande mmoja kabisa ndipo akagusa wa pili. Kila jioni nilipima nafasi za milango kwa rula na kuziandika daftarini. Tulikaa miezi saba kwenye kazi hiyo, rimu zikiwa sebuleni zinaniangalia.

Siku ya kuzifunga ikafika. Kumbe MGB za miaka ile zilitoka kiwandani kwa namna mbili: zenye rimu za waya na zenye rimu za chuma aina ya Rostyle, zinazofungwa kwa nati nne. Langu lilikuwa la Rostyle. Rimu ya waya huingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye meno, ikakazwa na nati moja kubwa katikati, na uzi wa nati za upande mmoja ni kinyume cha za upande wa pili. Nikanunua habu za kuongezea, za kufungwa juu ya bolti za zamani. Ekseli ya nyuma ya magari ya rimu za waya, hata hivyo, ni fupi kuliko yangu. Magurudumu yakatokeza nje, na kila tuta tairi likakwaruza ukingo wa madigadi uliokuwa umetoka kupakwa rangi. Sijawahi kutukana mbele ya fundi, ila siku ile!

Nikazirudia Rostyle nilizokuwa nimezitupa nyuma ya nyumba. Kutu yake ilikuwa ya juu juu. Nilizisugua, nikazipaka rangi ya fedha, kisha nikabandika utepe na kupaka nyeusi sehemu zilizobonyea, kama zilivyotoka kiwandani. Zimelipendeza gari kuliko nilivyotarajia. Tairi za zamani sikuzirudisha, ingawa mistari yake ilikuwa bado na kina: namba ya tarehe ubavuni ilikuwa na tarakimu tatu, maana yake zilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Za siku hizi huwa na nne, mbili za wiki na mbili za mwaka.

Sisemi rimu za waya ni mbaya. Anayenunua zilizotumika agonge spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyolegea hutoa sauti butu. Na gari likigonga "klak" kila linapoondoka au kushika breki, akague meno ya habu.

Mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, namwomba atupe walau picha moja iliyopigwa chini ya gari. Na zile rimu zangu bado ziko sebuleni. Mwenye MGB la ekseli fupi nitamwachia kwa bei ya kuelewana, ila aje na futi ya kupimia.

Mwalimu mstaafu, msomaji wenu wa siku nyingi