Tuta kubwa la mchanga si kipimo cha hewa ya kale

Mhariri,

Makala yenu kuhusu hewa ya dunia changa ilidai kuwa matuta makubwa ya mchanga yaliyogeuka mwamba yanathibitisha hewa nzito. Sivyo. Tuta kubwa hukua kwa kumeza madogo, hivyo ukubwa wake hautoshi kueleza hewa ilikuwaje.

Kinachofaa ni matuta yanayoanza tu kujengeka, kwa sababu umbali kati yao hufuata uwiano wa chembe na hewa. Chukua msongamano wa chembe, gawanya kwa ule wa hewa, zidisha kwa kipenyo cha chembe. Kwa kwatzi (madini ya kawaida ya mchanga) ya kilo 2,650 kwa mita ya ujazo, hewa ya kilo 1.2 na chembe ya milimita 0.25, unapata kama mita 0.55; umbali kati ya matuta hukua na kupungua sambamba na urefu huu. Leo matuta ya namna hiyo huachana takriban mita 20. Msongamano wa hewa ukipungua nusu, umbali huwa maradufu.

Kosa baya huanzia kwenye kipenyo. Kipande chembamba cha mwamba chini ya darubini hukata chembe popote, si katikati, kwa hiyo wastani hutoka mdogo. Kwa chembe za mviringo zinazolingana, zidisha kwa 1.27, la sivyo hewa itaonekana nyepesi mno.

Isitoshe, upepo na maji hukwangua vilele kabla ya tuta kufukiwa. Kwa miamba kama ya Barberton, Afrika Kusini, yenye miaka bilioni 3.2, umbali kati ya matuta hukisiwa tu.

Msomaji wenu,
Kampala