Bolti za stenlesi zilizoumana, na jinsi nilivyofukuzwa kwenye kaunta yenu

Matondoni, Lamu

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni.

Bwana Meneja,

KUH: BOLTI NA NATI ZA A4-80 MLIZONIUZIA, NA MWENENDO WA MSIMAMIZI WA TAWI LENU LA MALINDI

Salamu. Nakuandikia kwa heshima, na kuitunza heshima hiyo mpaka mwisho wa barua hii si kazi ndogo. Masharti yenu ya kupokea bidhaa yenye kasoro mnayajua, mmeyachapa wenyewe nyuma ya stakabadhi, kwa hivyo sitayanakili hapa. Nambari ya stakabadhi, nambari iliyopigwa chapa kwenye boksi na picha za nati zilizokwama nimeziambatisha.

Mliniuzia bolti na nati za stenlesi ya A4-80 (A4 ni aina ya stenlesi ya kazi ya baharini, 80 ni daraja la nguvu yake) mkanihakikishia kuwa zimepakwa kilainishi kikavu kiwandani. Hazikupakwa kitu. Ziliumana, yaani nati zilishikana na bolti zikakwama, kwenye chombo cha abiria, na nilipozileta Malindi ili mzione kwa macho yenu, msimamizi wa kaunta aliitwaa bolti mkononi mwangu, akaitupa kwenye boksi la vyuma chakavu, akaniambia mbele ya wateja: "Mzee, stenlesi haishiki kutu. Nyinyi watu wa visiwani mmezoea misumari ya kugongelea, bolti hizi haziwafai."

Mimi sikutaja kutu. Bolti ile haikuwa na kutu hata chembe. Ilikuwa mpya, haijaonja maji ya chumvi. Nilichokuwa nikimwonyesha ni hesi, ile mikato ya mzunguko inayoshikanisha nati na bolti, zilizochubuka na kulana, nati imekwama katikati, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Mtu anayewauzia stenlesi mafundi wa pwani nzima, naye hajui kutu ni nini na kuumana ni nini, anawashauri vipi wanaomtegemea?

Basi acha nieleze, kwa kuwa yeye hakutaka kusikia. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu, unaojifanya wenyewe juu yake inapopata hewa. Ukiukwaruza, unarudi. Lakini ndani ya nati hesi zimebanana, hewa haipiti, na kila mzunguko wa spana unauparuza utando ule kabla haujarudi. Hapo chuma kitupu hukutana na chuma kitupu cha aina ile ile na ugumu ule ule, vikashikamana pasipo moto wowote wa kuchomelea. Kipande hung'oka upande huu kikaganda upande wa pili, kikazidi kukwaruza, na kadiri unavyotia nguvu ndivyo nati inavyozidi kushika. Ndiyo maana stenlesi kwa stenlesi hukazwa kukiwa na kilainishi kati yake, tena kwa mkono, polepole, bila mashine ya betri, kwa sababu kasi huleta joto na joto huiongeza balaa hiyo.

Yote hayo niliyafuata. Hesi nilizipangusa kwa kitambaa kikavu, bolti niliianzisha kwa vidole ikaingia sawa bila kupinda, kisha nikachukua spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu unayokazia, na kukaza taratibu kwa kiwango mlichokiandika nyinyi kwenye karatasi yenu ya bolti zilizopakwa. Nati ya kwanza ilikwama kabla haijafika kitako chake. Nikajaribu kuirudisha, haikurudi. Bolti ikajinyonga, ikakatika. Nyingine hazikukatika, na hizo ndizo zinazonitia hofu zaidi, nitazieleza.

Wala msiseme sikuuliza. Nilipofungua boksi niliona nati na bolti zinang'aa. Bolti zilizopakwa molibdeni, ndicho kilainishi kikavu chenyewe, nazijua, huwa na rangi ya kijivu cheusi na zinatia weusi kidogo vidoleni. Hizi zilimeta mpaka ndani ya hesi. Kabla ya kutia spana nikapiga simu kwenye tawi lenu. Kijana wa mauzo akanijibu kuwa utando wa siku hizi hauonekani, na akanionya nisipake chochote juu yake kwa sababu nitauharibu na dhamana itaanguka. Kopo langu la molibdeni lilikuwa pale kwenye sanduku la zana. Nililiacha kwa kauli yenu. Simu hiyo ilisikika na kila aliyekuwapo karakanani, na mwenye chombo alikuwa mmoja wao.

Mtaniuliza kwa nini nilitaka kilainishi kikavu nisitumie grisi kama wengine. Huku kwetu vyombo hutengenezwa ufukweni, na upepo wa kusi unapovuma mchanga unaingia kila mahali. Grisi hunasa mchanga, na mchanga ndani ya hesi ni msasa. Utando mkavu haunasi mchanga. Disulfidi ya molibdeni imejengeka kwa tabaka, molibdeni ikiwa katikati ya tabaka mbili za salfa, na tabaka hizo huteleza moja juu ya nyingine hata chini ya mgandamizo mkubwa. Hata vyombo vinavyorushwa angani hupakwa kilainishi hicho, kwa sababu kule mafuta huvukiza na grafiti, isipopata unyevu, hupoteza utelezi wake. Ni kwa sababu hii nililipa bei ya juu ya bolti zilizopakwa, na bei hiyo imeandikwa kwenye stakabadhi, mstari wake peke yake, kwa maneno yenu wenyewe.

Sasa narudi kwenye kaunta, maana nilipitia haraka na jambo lile halistahili kupitiwa haraka.

Nilitoka Mokowe alfajiri na kijana ninayemfundisha kazi. Nilimchukua kwa makusudi, ajifunze kuwa fundi akipata hitilafu huirudisha kwa aliyemuuzia, wakaizungumza kwa adabu. Tulipofika tulisubiri zamu yetu. Nikaifungua bolti kwenye kitambaa nikamwambia msimamizi wenu, kwa sauti ya chini, kuwa naomba atazame hesi kwa sababu hazikupakwa. Hakutazama. Alisema A4 ina molibdeni ndani yake, kwa hivyo haihitaji kupakwa. Nikamwambia mbona kwenye simu mlisema zimepakwa? Hapo ndipo alipoinyakua, akaitupa kwenye boksi la vyuma chakavu chini ya kaunta, na kusema yale aliyoyasema juu ya watu wa visiwani na misumari yao. Akacheka. Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu: "Haya, anayefuata."

Kijana wangu aliinama akaichakura bolti ile kwenye boksi, miguuni pa watu, ili tusirudi bila ushahidi. Msimamizi akamwambia asiguse mali ya duka. Mali ya duka! Bolti niliyoilipia, mkanipa na stakabadhi yake! Katika foleni ile alikuwapo mtu wa Lamu anayenifahamu, na maneno yale yalifika Matondoni kabla yangu. Mimi ni mtu mzima, nimefanya kazi ya vyombo tangu utoto wangu, na wazee walionifundisha kugonga misumari ile na kutia kalafati walijenga majahazi yaliyofika Uarabuni. Siruhusu mtu yeyote aidharau kazi yao ili kuficha kosa la boksi lake.

Na lile alilolisema kuhusu A4 ni kosa, nalo litamdhuru mteja mwingine likiachwa. Molibdeni iliyo ndani ya A4, asilimia 2 hadi 3, imetiwa ili chumvi ya bahari isikitoboe chuma kwa vishimo. Hailainishi chochote. Kinacholainisha ni molibdeni iliyoungana na salfa na kupakwa juu. A4 isiyopakwa kitu inaumana sawasawa na A2, stenlesi ya kawaida isiyotiwa molibdeni.

Baadaye, nilipopiga simu makao makuu, mlinipa suluhisho gani? Mliagiza nipewe kopo la unga wa grafiti, "kwa hisani ya kampuni". Grafiti na stenlesi ndani ya maji ya bahari! Grafiti kwenye maji ya chumvi hufanya kazi ya upande wa pili wa betri, na chuma kilichogusana nayo ndicho kinacholiwa. Kwa mashine ya nchi kavu, sawa, grafiti ni kilainishi kizuri. Kwa bolti iliyo chini ya maji, sikubali, na kopo hilo nimelirudisha.

Hasara yangu ni hii. Nati zile hazikutoka ila kwa kukatwa na grinda, na cheche ziliunguza mbao ya mbambakofi niliyokuwa nimeichonga na kuipiga msasa tayari kwa kazi. Nililazimika kuitoa na kuweka nyingine. Kazi hiyo ikatupitisha bamvua, na chombo kilichopandishwa juu ufukweni hakirudi majini mpaka maji makubwa yaje tena. Maulidi ya Mfungo Sita yakafika, wageni wamejaa Lamu, kila mwenye chombo anavusha watu kutoka Mokowe, na chombo cha mteja wangu kimelala mchangani. Mteja huyo hajanidai. Ni aibu yangu ndiyo inayonidai.

Hata hivyo mbao na pesa si jambo la kwanza. La kwanza ni zile bolti ambazo hazikukatika. Katika nguvu unayoitia kwenye spana, kiasi cha asilimia 90 huliwa na msuguano, chini ya nati na ndani ya hesi. Ni asilimia 10 hivi tu inayoivuta bolti na kubana mbao. Nati ikianza kuumana, msuguano hupanda, na spana ya kipimo itakuambia kazi imekwisha ilhali hakuna kilichobanwa. Ukitazama kwa macho utaona nati imekaa, imekaza. Mimi niliziondoa zote kwa sababu ya kuona moja imekatika. Je, fundi ambaye hakukatikiwa na hata moja? Bolti hizi zinashika usukani na kitako cha mashine. Kuna vyombo vinavyokwenda Faza na Kizingitini vikiwa na watoto na wagonjwa, wakati wa kusi, na sijui ni vingapi vina bolti za boksi lenye nambari kama ya langu. Nyinyi mnajua, kwa kuwa mna daftari la mauzo. Nilimwambia hivyo msimamizi wenu. Akasema nisitishe watu.

Nilipoanza kufikiria barua hii nilitaka kitu kimoja, mnirudishie pesa za bolti na nati. Hilo bado nalitaka, kamili, pamoja na nauli. Lakini baada ya kopo la grafiti nataka pia gharama ya mbao, ya kazi ya kukata na kurekebisha, na ya mapato aliyoyakosa mwenye chombo wakati wa Maulidi. Hesabu yake ameiandika mwenyewe na imeambatishwa. Nataka bolti nyingine zilizopakwa kweli, pamoja na karatasi ya kiwanda inayotaja aina ya utando na kiwango cha kukaza kinachoufaa. Mkishindwa, nipeni bolti tupu na kopo la molibdeni, nitazipaka mwenyewe kama nilivyozoea, au nati za shaba nyeusi zisizoumana na stenlesi.

Nataka msimamizi yule aniombe radhi kwa maandishi yenye muhuri wa kampuni. Na kwa kuwa alinitukana mbele ya kijana ninayemlea kikazi, aje Matondoni amwombe radhi na yeye, ana kwa ana.

Na nataka muwapigie simu wote waliouziwa bolti za nambari ile, mmoja mmoja, muwaambie wazitoe. Hili sitalijadili wala kulipunguza, hata mkinilipa mengine yote.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji ili bidhaa imfae. Mimi niliomba maelezo, nikapewa uongo kwenye simu na matusi kwenye kaunta. Nawapa siku 14 tangu barua hii iwafikie. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010, nitaipelekea KEBS, shirika la viwango la Kenya, nati na bolti zenyewe wazipime, na nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Hesabu yangu inaingia humo.

Kuhusu kuwaonya mafundi na manahodha, siku hizo 14 sitazingoja. Kesho naanza Matondoni na Kipungani, na keshokutwa Lamu mjini na Shela. Nitawaonyesha nambari ya boksi na hesi zilizoumana, na watakaouliza zimenunuliwa wapi nitawajibu. Mkitaka wasikie kwenu kwanza, simu zao mnazo.

Wenu,

Fundi wa vyombo, Matondoni.

Nakala: Mwenye chombo.
Viambatisho: stakabadhi, picha, hesabu ya hasara. Bolti iliyokatika ninabaki nayo. Mkitaka kuipima, mtumeni fundi wenu aje aipime mbele yangu.